Kuhamisha sauti wakati programu inaendelea: kutoka bafle hadi kaske, bila kuipeleka ku antena

Filamu inaendelea ku kompyuta, sauti inatoka ku bafle. Watoto wamelala, unataka kusikiliza peke yako, unachomeka kaske. Siku moja sauti inahama yenyewe. Siku ingine inakataa: picha inatembea, kaske iko kimya, bafle inaendelea kupiga kelele. Wengine wanasema kaske imekufa, wanaenda soko kununua ingine. Mara nyingi kaske haina shida yoyote. Programu inayocheza filamu bado inashikilia mlango wa kwanza iliofungua.

Nyumbani hiyo ni usumbufu tu. Ndani ya studio ya redio ni jambo zito. Kompyuta moja inacheza muziki na matangazo, na kompyuta ile ile inapokea ujumbe wa sauti wa wasikilizaji. Ujumbe mmoja unaweza kuwa tangazo la kilio, mwingine ni mtu anayeeleza jina la kijiji chake na nani amemtisha. Huo wa pili unasikilizwa kwanza ndani ya kaske, na pengine haupite hewani hata siku moja. Katika majimbo yetu ya mashariki, sauti ya mtu ikitambuliwa ni kama jina lake limesomwa. Kwa hiyo kujua sauti inatoka kwa mlango gani ni kazi ya mtangazaji pia. Asiseme ni ya fundi peke yake.

Makala hii inaeleza namna sauti inavyotembea ndani ya kompyuta na simu, namna ya kuihamisha bila kuzima programu, na namna ya kupanga milango ya studio ili kosa dogo lisifike ku masikio ya mji muzima.

Sauti inapita njia gani

Programu ya kucheza muziki au filamu haigusi bafle moja kwa moja. Inafungua faili, inageuza tarakimu kuwa mawimbi ya sauti, kisha inayakabidhi kwa mfumo wa mashine, yaani Windows, Linux au Android. Mfumo ndio unapeleka kwa kifaa: kadi ya sauti ya ndani, kadi ya nje ya USB, televizyo kupitia kebo ya HDMI, ao kaske ya Bluetooth. Kila kifaa kama hicho tukiite mlango.

Kati ya milango yote, mfumo unaweka mmoja kuwa wa kawaida. Ku kompyuta zilizo katika Kifaransa utasoma maneno «par défaut» chini ya jina lake. Programu ambayo haikupewa agizo lolote inatumia mlango huo wa kawaida. Programu iliyoambiwa itumie mlango fulani inabaki pale, hata kama ule wa kawaida umebadilika.

Hapo ndipo siri yote iko. Sauti inapokataa kuhama, jiulize maswali mawili: mlango wa kawaida wa mashine ni upi sasa? Na programu hii inafuata mlango wa kawaida, ao imefungiwa ku mlango wake?

Kuna jambo la tatu. Programu zingine, zaidi zile za zamani, zinauliza mlango wa kawaida mara moja tu, wakati zinaanza kucheza. Ukibadilisha katikati, hazijui. Dawa yake ni kusimamisha kabisa kwa kitufe cha «stop» kisha kuanza tena. Kitufe cha «pause» hakitoshi, kwa sababu mlango unaweza kubaki wazi. Mbele ya kusimamisha, andika dakika uliyofikia ili uirudie.

Kwa nini kaske ya jeki inahama yenyewe na ya USB pengine hapana

Kaske yenye jeki ya milimita 3,5 na bafle ndogo za ndani ya kompyuta ya mkononi mara nyingi ziko ku kadi moja ya sauti. Ukichomeka jeki, kadi yenyewe inahisi na kunyamazisha bafle. Programu haioni kitu, kwa sababu kwake mlango ni ule ule.

Kaske ya USB ni tofauti: iko na kadi yake ndani. Ukiichomeka, mfumo unaona mlango mpya kabisa. Windows mara nyingi inaufanya kuwa wa kawaida papo hapo, bila kukuuliza. Ukiichomoa, mlango unapotea, na Windows inachagua mwingine kati ya iliyobaki. Kumbuka hili la mwisho, tutalirudia katika habari za studio.

Ndani ya VLC

Programu ambayo watu wengi huku wanaijua ni VLC, ile yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa. Ilianzia mwaka wa 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na tangu 2001 imetolewa kwa leseni huru. Ndiyo sababu haiuzwi, na inaweza kunakiliwa kutoka kle ya USB hadi ingine bila kuvunja sheria.

Kuhamisha sauti wakati filamu au muziki unaendelea, fanya hivi:

1. Fungua menyu «Audio», juu ya dirisha.
2. Nenda ku «Périphérique audio». Utaona orodha ya milango yote ambayo mashine inaona wakati huo.
3. Bonyeza mlango unaoutaka. Sauti inakatika kidogo sana, kisha inatokea upande ule mwingine. Picha haisimami.

Iko pia njia fupi ya vitufe: Shift na A kwa pamoja. Kila ukibonyeza, VLC inaruka ku mlango unaofuata. Dirisha la VLC liwe mbele. Usisahau Shift, kwa sababu A peke yake inabadilisha umbo la picha, na watu wa ndani ya filamu wanaanza kunenepa na kurefuka.

Kama mlango unaoutafuta hauonekani ndani ya orodha, usihangaike na VLC. Kama mashine yenyewe haioni kifaa, VLC haiwezi kukiona. Angalia kebo, angalia kama kaske ya Bluetooth imeunganishwa kweli, kisha fungua tena menyu.

Kama mlango unaonekana lakini hakuna sauti, ingia «Outils», halafu «Préférences», sehemu ya «Audio». Pale kuna mstari «Module de sortie». Ukikuta mtu aliweka kitu kingine, rudisha ku «Automatique», bonyeza «Enregistrer», funga VLC na uifungue tena. Hiyo inatibu shida nyingi za kompyuta ambazo zimepita mikononi mwa watu wengi.

Ndani ya Windows

Windows 7 bado iko ku kompyuta nyingi za mitumba. Humo unaweza kubadilisha mlango wa kawaida, lakini huwezi kuambia Windows kwamba programu hii itoke hapa na ile itoke pale. Chaguo hilo linabaki ndani ya programu yenyewe, kama VLC inavyofanya.

Kufikia milango ya mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha la zamani la sauti linafunguka. Ukurasa wa «Lecture» unaonyesha milango yote. Chagua mmoja, umfanye wa kawaida. Njia hii inafanya kazi ku Windows 7, 10 na 11, hivi ni vizuri kuishika ku kichwa.

Ku Windows 10, ukibonyeza alama ya bafle chini upande wa kuume, utaona jina la mlango unaotumika juu ya mstari wa sauti. Bonyeza jina hilo, orodha inafunguka. Ku Windows 11 kuna vitufe vitatu kwa pamoja, Windows, Ctrl na V, vinavyofungua orodha ya milango mara moja katika matoleo yake ya karibuni.

Tangu mwaka wa 2018 Windows 10 iko na ukurasa wa kupanga kila programu ku mlango wake. Unaupata ndani ya «Paramètres», «Système», «Son», chini kabisa ya ukurasa. Ku Windows 11 unaitwa «Mélangeur de volume». Programu inaonekana pale kama iko wazi na inatoa sauti. Ianze kucheza kwanza, kisha umpangie mlango. Windows inalikumbuka agizo hilo hata kesho.

Jambo moja ndani ya dirisha la mmsys.cpl linastahili kutajwa peke yake. Kuna ukurasa «Communications». Windows ikitambua kwamba mtu anapigiwa simu kupitia kompyuta, inashusha sauti za programu zingine kwa asilimia 80. Ndivyo inavyokuja toka kiwandani. Ku nyumba ni msaada. Ku redio, wimbo unaanza kufifia katikati ya kipindi na hakuna mtu amegusa kitu. Chagua «Ne rien faire», shida inakwisha.

Ndani ya Linux

Kwa anayetumia Ubuntu ao Linux ingine, kazi ni nyepesi zaidi. Mfumo wa sauti wa Linux umezoea kuhamisha programu moja moja bila kuisimamisha. Weka programu ndogo inayoitwa pavucontrol. Ku ukurasa wa kwanza utaona kila programu inayotoa sauti, na pembeni yake jina la mlango. Bonyeza jina hilo, chagua lingine, na sauti inahama wakati ule ule. Muziki wa VLC unaweza kwenda ku meza ya sauti, na wakati huo kivinjari cha intaneti kinabaki ndani ya kaske.

Simu, Bluetooth na televizyo

Simu za Android ziko na adabu moja nzuri. Ukichomoa ekuteri wakati muziki unaendelea, mfumo unaonya programu kwamba sauti inataka kutoka nje, na programu iliyotengenezwa vizuri inasimama yenyewe. Ndiyo maana wimbo unanyamaza ukiwa ndani ya taksi na waya umechomoka. Usiutegemee sana ulinzi huo, kwa sababu si kila programu inatii.

Toka Android 11, ya mwaka wa 2020, kisanduku cha muziki ku sehemu ya taarifa kinaonyesha alama ya kifaa kinachotoa sauti. Bonyeza alama hiyo ukitaka kuhamia kaske ya Bluetooth ao kurudi ku bafle ya simu.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao unahama katikati ya kucheza. Ukisikiliza ku bafle kisha ukaweka simu ku sikio, kihisio cha juu ya skrini kinatambua, na sauti inapita ndani ya sikio peke yake. Ukiondoa simu ku sikio, inaweza kutoka tena nje kwa nguvu. Kwa ujumbe wenye siri, vaa ekuteri mbele ya kubonyeza.

Bluetooth iko na tabia mbili. Ya kwanza, sauti inachelewa kidogo, na midomo ya watu ndani ya filamu haipatani na maneno. Ndani ya VLC, kitufe cha J kinaiwahisha sauti, na K kinaichelewesha, kila mara kwa milisekunde 50. Ya pili, kaske ya Bluetooth yenye mikrofoni ikianza kutumika kwa simu, ubora unashuka, muziki unakuwa kama unatoka ndani ya kopo. Haijaharibika. Maliza simu, muziki utarudi sawa.

Kwa wenye sale za video: ukichomeka kebo ya HDMI, Windows inaweza kupeleka sauti ku televizyo na kunyima bafle kubwa. Watazamaji wanaanza kupiga mbinja. Usifunge filamu. Fungua «Périphérique audio», chagua mlango wa bafle, na filamu inaendelea. Mbele ya kuchomeka jeki ku amplifikatere, shusha sauti yake hadi sifuri, kwa sababu ule mlio wa kuchomeka unaweza kupasua bafle.

Ndani ya studio: antena isiwe mlango wa kawaida

Sasa tufike ku jambo lenyewe. Studio nyingi ndogo ziko na kompyuta moja, na waya mmoja kutoka kompyuta hadi meza ya sauti. Kila kitu kinapita pale: jingo, wimbo, habari zilizorekodiwa, lakini pia mlio wa ujumbe mpya, matangazo ya intaneti yanayoanza yenyewe, na ujumbe wa sauti mtu anapobonyeza kuusikiliza. Kitelezi cha meza kikiwa juu, yote ni hewani.

Dawa ni milango miwili. Kadi ya nje ya USB, hata ya bei ndogo, inakuwa mlango wa antena. Jeki ya kompyuta inabaki ya kaske. Kisha unapanga hivi:

Mlango wa kawaida wa mashine uwe kaske. Programu yoyote isiyo na agizo, na kila mlio wa Windows, vitaingia ndani ya kaske ya mtangazaji, na msikilizaji hatasikia kitu.

Programu moja peke yake ipewe agizo la kutoka ku kadi ya antena. Kama ni VLC, basi VLC iwe ya antena tu. Kwa kusikiliza faili mbele ya kupitisha hewani, tumia programu nyingine. Kufungua VLC mbili kwa kazi mbili tofauti ni kutafuta fujo, kwa sababu Windows inapanga milango kwa jina la programu.

Kwa nini tusifanye kinyume, antena iwe ya kawaida na kaske ipewe agizo? Kwa sababu ya kile tulichosema juu: mlango wa kawaida ni pale vitu vyote visivyopangwa vinakimbilia. Kitu ambacho hakuna mtu amekipanga hakifai kuwa hewani.

Kwa nini kaske iwe ya jeki? Kaske ya USB ikichomoka, Windows inatafuta mlango mwingine wa kawaida, na mlango uliobaki unaweza kuwa ile kadi ya antena. Ujumbe uliokuwa ndani ya sikio lako unamalizikia ku redio za watu. Jeki ikichomoka, sauti inaangukia bafle ndogo za kompyuta. Hata hapo jihadhari, kwa sababu mikrofoni ikiwa wazi itaikamata. Ukiona waya wa kaske umelegea, funga mikrofoni kwanza, halafu ndio unyooshe mkono.

Mambo madogo yanayookoa kazi

Yape milango majina. Ndani ya mmsys.cpl, ingia «Propriétés» ya kila mlango na ubadilishe jina. Andika ANTENA na KASKE. Kadi za USB zinakuja na majina yanayofanana, na saa kumi na mbili ya asubuhi, na usingizi ku macho, hakuna mtu atakayezitofautisha.

Usihamishe kadi ya USB kutoka tundu moja hadi lingine. Windows inaweza kuiona kama kadi mpya, na agizo lako linapotea. Bandika kipande cha papiye ku tundu lake na uandike kwamba hapa hapaguswi.

Umeme ukikatika na kurudi, kagua tena. Mashine inaweza kuwaka mbele ya kadi kuonekana, na programu ikaangukia mlango mwingine. Cheza wimbo mmoja na kitelezi kikiwa chini, angalia kama taa za meza zinapanda, kisha ndio uende hewani.

Shusha kitelezi mbele ya kubadilisha mlango. Hata mabadiliko yanayoenda vizuri yanatoa mkatiko, na pengine mlango mpya uko na sauti kubwa kuliko wa zamani.

Weka redio ndogo ya mawe ndani ya studio ao ku chumba cha jirani, kwenye masafa yenu. Meza inaweza kuonyesha taa nzuri, lakini redio hiyo ndiyo inasikia kile mtu wa kijijini anasikia. Kadi ya antena ikichomoka, ukimya utausikia pale kwanza.

Ujumbe wa shahidi ao wa mtu mwenye hofu usisikilizwe ku kompyuta ya hewani hata kidogo. Usikilizwe ku simu, na ekuteri, nje ya studio. Hata mpango mzuri wa milango unaweza kuharibiwa na mkono mmoja uliochomoa waya usiofaa.

Kukagua mbele ya kufungua kipindi

Mtangazaji anayeingia zamu anaweza kufanya hivi ndani ya dakika moja. Angalia mlango wa kawaida: usomeke KASKE. Fungua programu ya hewani, angalia mlango wake: usomeke ANTENA. Kitelezi cha kompyuta kikiwa chini, cheza kitu ku kivinjari: kisikike ku kaske peke yake, na taa za meza zilale. Cheza wimbo ku programu ya hewani: taa zipande. Mambo hayo manne yakiwa sawa, pandisha kitelezi na usalimie watu.